Sura ya Nne: Matundu Matatu Chini, Tundu Moja Juu

Aliyekulia kwenye nyumba ya jiko la mkaa anajua kuukoleza moto. Anajua kupanga vipande vipate pumzi, kuugeuza mlango wa jiko uelekee upepo unakotoka, na kupepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka makaa yawe mekundu. Ujuzi wote huo unaelekea upande mmoja: moto uongezeke. Jiko la moshi la Wamarekani linadai ujuzi wa upande wa pili. Linataka moto mdogo, usiopanda wala kuzimika, kwa saa nane, kumi, hata kumi na nne, huku kidari cha ng'ombe kikilainika juu yake katika nyuzijoto 110 hadi 130.

Joto hilo limechaguliwa kwa sababu ya nyama yenyewe. Kidari, mbavu na bega ni misuli ya mnyama inayofanya kazi kila siku, na imefungwafungwa kwa kolajeni, ile nyuzi ngumu inayotufanya tutafune kwa muda mrefu kabla ya kumeza. Kolajeni haiyeyuki kwa hasira. Huhitaji saa nyingi za joto la wastani ndipo igeuke kuwa gelatini, ule utelezi unaoufanya mchuzi wa kongoro ugande ukipoa. Wachomaji wa Texas hukitoa kidari jikoni pale kiini chake kinapofika nyuzijoto 93 hadi 96. Ukikifikisha hapo kwa haraka, nje kimekauka na ndani bado ni kigumu. Kwa hiyo viungo vinaweza kusubiri sura nyingine. Hapa tunashughulika na moto peke yake, kwa sababu moto ukikosewa hakuna kiungo kitakachoiokoa nyama.

Kabla ya majiko ya kununua, moto huu ulitawaliwa kwa koleo. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, magogo ya mwaloni na hikori yalichomwa pembeni mpaka yakawa makaa, kisha makaa yakachotwa na kutandazwa kwenye shimo chini ya nguruwe mzima, machache kwa wakati mmoja, tena na tena usiku kucha. Tangu enzi za utumwa kazi hiyo ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa watu weusi, na wapo wanaoiendeleza hadi leo. Rodney Scott, aliyejifunza kwenye duka la familia yake huko Hemingway, South Carolina, na kupewa tuzo ya James Beard mwaka 2018, bado huchoma magogo ndani ya pipa lenye nondo zilizopitishwa katikati. Kuni zinapoiva, makaa hudondoka chini ya nondo na koleo huyafuata. Ni njia ninayoiheshimu kuliko zote. Lakini inamtaka mtu asilale, na inataka shehena ya kuni ambayo wengi wetu hatuna.

Njia nyingine ilianza kuonekana uani kwa watu wa kawaida mwaka 1952. George Stephen alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Weber Brothers Metal Works mjini Chicago, kiwanda kilichokuwa kikiunda maboya ya chuma. Alikuwa amechoka na majiko ya wazi ambayo upepo huyatawanyia majivu kwenye chakula. Akalikata boya katikati, nusu ya chini ikawa bakuli la mkaa, nusu ya juu ikawa mfuniko. Husimuliwa kwamba alipofunika kwa mara ya kwanza moto ulianza kufa, mpaka jirani alipomwambia auruhusu upate hewa, naye akatoboa matundu. Kama jirani alikuwepo au hakuwepo, matundu ndiyo uvumbuzi. Mwaka 1981 kampuni hiyohiyo ikatoa jiko refu la moshi lenye vipande vitatu: bakuli la mkaa chini, pipa katikati lenye beseni la maji na nyavu mbili za nyama, na mfuniko juu. Lina matundu matatu chini na moja juu, na kila tundu lina kibati cha kuzungusha. Nitalitumia jiko hilo kama mfano katika sura hii yote, kwa sababu kila kilichomo ndani yake kinaonekana wazi, na atakayelielewa ataweza kulitawala pipa lolote.

Sasa hesabu. Kilo moja ya mkaa mzuri ikiungua yote hutoa megajuli 30 hivi, karibu mara mbili ya kuni zilizokaushwa juani. Ili iungue, inahitaji takriban kilo 10 za hewa. Hiyo ni hewa ya kujaza mita za ujazo nane au tisa, chumba kidogo cha kulala karibu nusu yake. Soma tena uwiano huo: kwa kila kilo unayoiona kwenye wavu, kuna kilo kumi usizoziona zinazopita kwenye matundu. Kwa hiyo anayetaka kujua jiko lake litakuwa na joto kiasi gani asitazame mkaa, atazame matundu. Jiko lenye kilo tano za mkaa na jiko lenye kilo mbili, yakifunguliwa matundu sawasawa, yatatoa joto linalokaribiana. Tofauti yake ni kwamba moja litadumu na jingine litaishia njiani. Hapo ndipo wengi wetu tunapotatizika, kwa kuwa jiko la kupikia ugali limetufundisha kwamba mkaa mwingi ni moto mwingi. Jiko la ugali liko wazi juu. Hewa yake haina mlinzi.

Ukilikubali hilo, hatua ya kwanza inakuja yenyewe: jaza mkaa wote mwanzoni, ukiwa haujawashwa, kisha uwashe sehemu ndogo tu. Wamarekani wanaiita njia hii kwa jina la Jim Minion, mchomaji wa jimbo la Washington aliyeitumia kwenye mashindano na kuwaonyesha wenzake. Kabla yake watu walikuwa wakiwasha mkaa wote pamoja, wakipambana kuupoza, na kuongeza mwingine kila unapopungua. Minion aliijaza pete ya mkaa mpaka juu, akamimina makaa machache yaliyokolea juu ya mkaa ule wa baridi, akafunika. Moto ukawa unashuka taratibu, kipande kikikirithisha kipande cha chini yake, na matundu yakiamua kasi ya urithi huo. Kwa jiko lenye kipenyo cha sentimita 47 hivi, makaa ya kujaza kopo dogo yanatosha kuanzia. Macho yatakuambia ni machache mno. Yaache yaseme.

Kuhusu mkaa wenyewe, wasomaji wengi wa kitabu hiki wana bahati ya kuwa karibu na mkaa wa miti migumu, na wana hasara ya kuununua bila kuuchagua. Gunia lina magogo, vipande, chenga na vumbi. Vitenganishe. Vipande vikubwa viende chini na katikati, vidogo vizibe mianya, na chenga zibaki kwenye gunia kwa ajili ya jiko la chai. Chenga huziba njia ya hewa, na pale zinapopata hewa huwaka zote kwa mkupuo, maana eneo lake la kuunguzwa ni kubwa ukililinganisha na uzito wake. Gonganisha vipande viwili: mkaa ulioiva hutoa mlio mkavu, ule ambao haukuiva tanuruni hutoa mlio wa mti, na ukiwashwa humwaga moshi mweupe unaochoma macho. Wakati wa masika uanike kwanza, kwa sababu mkaa hunyonya unyevu wa hewa hata ukiwa ndani ya nyumba.

Mkaa wa kubanwa una tabia tofauti. Ellsworth Zwoyer wa Pennsylvania alipata hataza ya mkaa wa aina hiyo mwaka 1897, na katika miaka ya 1920 Henry Ford akaanza kuutengeneza huko Michigan kutokana na mabaki ya mbao za magari yake. Vipande vyake vina ukubwa mmoja, hivyo moto wake unatabirika, ila majivu yake ni mengi. Pwani ya Kenya na Tanzania kuna wanaotengeneza mkaa wa vifuu vya nazi. Mkavu na uliobanwa vizuri, huo ni mkaa mwema sana kwa kazi hii, na ningeuchagua mbele ya mwingi unaosafirishwa kutoka mbali.

Namna ya kuyawasha yale makaa machache ni jambo ambalo sitalipuuza. Mafuta ya taa yasiguse jiko la moshi. Kwenye jiko la kawaida harufu yake hupotea baada ya dakika chache kwa sababu mkaa wote unawaka pamoja. Hapa mkaa wa chini utashika moto saa ya sita au ya saba, na kama mafuta yamedondokea huko, nyama itakuwa ikiyavuta wakati huo huo ambao unadhani yameshaisha. Mifuko ya plastiki na viatu vya kandambili vikae mbali zaidi, na si kwa ajili ya ladha tu. Chukua kopo kubwa la bati, la maziwa ya unga au la rangi ambalo halijatumika, toa kitako, toboa matundu pembeni upande wa chini, na pitisha vyuma viwili vya kushikilia mkaa. Jaza mkaa juu ya vyuma, karatasi chini, washa karatasi. Hewa ya moto hupanda ndani ya kopo na kuvuta ya baridi kwa chini, na katika dakika kumi na tano hadi ishirini makaa ya juu yatakuwa yameanza kuvaa majivu ya kijivu. Kupepea hakuhitajiki.

Yamimine, unganisha jiko, weka maji kwenye beseni, funika. Fungua matundu yote manne. Nyama bado.

Kwa nusu saa hivi jiko litatoa moshi mzito mweupe. Huo ni unyevu na lami inayotoka kwenye mkaa na kuni zinazopashwa joto bila kuwaka, na ukiiweka nyama wakati huo itavaa ladha ya masizi ambayo hakuna mchuzi utakaoifunika. Subiri mpaka moshi wa tundu la juu uwe mwembamba na wenye rangi ya samawati hafifu. Rangi hiyo ina maana yake: chembe zake ni ndogo sana kiasi cha kutawanya mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine, na chembe huwa ndogo hivyo pale tu mwako unapokuwa safi. Wakati mwingine moshi mzuri hauonekani kabisa, unausikia kwa pua.

Mkaa wenyewe hauna moshi mwingi wa kutoa, maana sehemu kubwa ya harufu ya mti iliishia kwenye tanuru la mchoma mkaa. Ladha inarudishwa kwa vipande vya kuni vya ukubwa wa ngumi, vitatu au vinne, vilivyofukiwa kati ya mkaa ili moto uvifikie kwa zamu. Lignini ya mti inapoungua hutoa fenoli, guayakoli na wenzake, na hizo ndizo tunazoziita ladha ya moshi. Kuni ziwe kavu. Desturi ya kuziloweka usiku haina faida. Maji hayapenyi mbali ndani ya mti, na yale yaliyopenya lazima yawe mvuke kwanza, yakiupoza moto na kurudisha moshi mweupe. Mpera na mchungwa ni kuni nzuri. Mkazi wa Baringo au Garissa ana hazina anayoilaani kila siku: mathenge, mti ulioletwa Kenya kutoka Amerika na kuvamia malisho ya watu, ni ndugu wa karibu wa meskiti ambayo Texas magharibi inajivunia. Mkaa wake na kuni zake hufaa sana. Jiepushe na miti yenye utomvu wa gundi kama msonobari, na mbao zilizotiwa dawa au rangi, na mti wowote ambao wazee wa kwenu hawaupikii.

Sasa kipimajoto kinapanda, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Joto la jiko la moshi likishapita pale unapolitaka, kulirudisha ni shida, kwa kuwa makaa yaliyokwisha kuwaka hayarudi kuwa baridi kwa amri, na chuma, maji na nyama vyote vimeshabeba joto. Kwa hiyo hukabiliwa likiwa bado chini. Linapofika nyuzijoto 90, funga matundu ya chini nusu. Linapokaribia 105, yaache wazi robo tu. Kisha ondoka. Kila ukigusa tundu, lipe jiko robo saa lijibu kabla hujaligusa tena. Anayezungusha kibati kila baada ya dakika mbili anakimbiza jibu la swali aliloshaliuliza, na jiko litamyumbisha juu na chini mpaka jioni. Tundu la juu liache wazi wakati wote. Wanaolibana ili kuhifadhi moshi wanaufungia moshi uliokwisha kuchoka, nao hushuka kwenye nyama ukiwa lami. Moshi unatakiwa upite, usikae.

Likipita 140, funga matundu mawili ya chini kabisa na uache la tatu ufa mdogo. Usifunue mfuniko ili kulipoza. Kufunua hutoa joto la hewa, ndiyo, lakini huyamwagia makaa hewa ambayo umekuwa ukiyanyima, na baada ya kufunika utakuta moto mkubwa kuliko ule uliokuwa ukiukimbia. Kwa sababu hiyo hiyo kufunua mara kwa mara kutazama nyama ni kuongeza moto na kuchelewesha mapishi kwa pamoja.

Beseni la maji linasaidia kuliko linavyodhaniwa. Kugeuza maji yanayochemka kuwa mvuke humeza joto karibu mara saba ya lile lililoyapandisha kutoka nyuzijoto 20 hadi kuchemka. Kila moto unapotaka kuruka, beseni hula sehemu ya mruko huo. Likikauka usiku bila wewe kujua, joto litapanda bila tundu lolote kuguswa, kwa hiyo liongezwe maji ya moto kila baada ya saa tatu au nne.

Upepo ni adui wa joto tulivu. Ukiingia kwenye tundu lililotazama kule unakotoka, unafanya kazi ya mpepeaji. Funga tundu la upande huo, dhibiti kwa yale mawili mengine, na weka bati la kukinga. Majivu ni adui mwingine: baada ya saa nne au tano huanza kufunika makaa na kuziba chini, na joto linashuka ingawa mkaa upo. Gongagonga miguu ya jiko, au pitisha chuma chembamba mlangoni ukitikise wavu wa mkaa, kabla ya kufikiria kufungua tundu zaidi.

Kuna saa moja ambayo huwaponza hata waangalifu. Kiini cha nyama kinapanda vizuri, kisha kinapofika mahali fulani kati ya nyuzijoto 65 na 75 kinasimama. Saa moja, mbili, pengine nne. Mtu anaanza kuamini kuwa moto wake umekufa, anafungua matundu. Mwanafizikia wa Marekani Greg Blonder alilichunguza jambo hili kwa kuweka jikoni sponji iliyolowa maji na bonge la mafuta ya mnyama. Mafuta yalipanda bila kusimama. Sponji ilisimama vilevile inavyosimama nyama. Kinachotokea ni jasho: maji yanayotoka juu ya nyama huiondolea joto kwa kasi ileile ambayo jiko linaiongezea. Moto haujafa. Amini kipimajoto cha jiko, achana na cha nyama, na kama muda umekubana ifunge nyama kwa karatasi ngumu au foili ili jasho likome.

Vipimajoto vyenyewe vikaguliwe, hasa vile vilivyofungwa kwenye mfuniko, ambavyo husoma joto la mahali palipo mbali na nyama na mara nyingi hudanganya. Tumbukiza ncha kwenye maji yanayochemka. Mombasa au Dar es Salaam yanachemka nyuzijoto 100. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, yanachemka 94 hivi, na anayesahau hilo atakitupa kipimajoto kizima. Mwinuko huo huo unagusa moto: hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani, hivyo tundu lililotosha Tanga litakuwa dogo kidogo huko, na kidari nacho kitaanza kukauka mapema.

Asiye na jiko la kununua akamwone fundi wa kuchomelea. Pipa la lita 200 lililokuwa na mafuta ya kula linafaa. Lililobeba kemikali, au lililopakwa zinki, liachwe. Lichomwe kwanza kwa kuni nyingi mpaka rangi ya ndani iishe. Matundu manne ya robo tatu inchi yatobolewe karibu na kitako, kila moja na kizibo chake. Kikapu cha chuma cha mkaa kiinuliwe kidogo ili majivu yapate pa kudondokea. Wavu wa nyama uwe sentimita 60 hivi juu ya mkaa. Mfuniko ubane vizuri na uwe na tundu la kutolea moshi. Fundi atashangaa unavyosisitiza mianya yote izibwe. Msisitizie. Kila ufa usiotawaliwa ni tundu ambalo wewe huna kibati chake.

Jiko hili lisiingizwe ndani, wala barazani kwenye madirisha, wala gereji hata mlango ukiwa wazi. Moto unaonyimwa hewa kwa makusudi hutoa kaboni monoksaidi nyingi kuliko moto ulio huru, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Msimu wa baridi hapa kwetu unaua watu waliolala na jiko la kawaida chumbani, sembuse hili. Nyama ikitoka, funga matundu yote, la juu pia. Makaa yatachukua saa kadhaa kuzimika, kwa hiyo usiyaguse wala kuyamwaga mpaka kesho yake. Utakachokikuta ni mkaa mweusi uliobaki, wakati mwingine robo au theluthi ya ulioweka. Chekecha majivu, uchanganye na mpya, na uuweke juu, pale utakapomimina makaa ya kuwashia: unyevu na lami yake vimeshaondoka, hivyo unashika moto upesi na moshi mweupe wa mwanzo unakuwa mfupi.